Chembe za Plastiki na Kinga ya Mwili: Mwongozo Kamili wa Kuzipunguza Jikoni, Kwenye Maji na Ndani ya Nyumba

Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari wa mifupa wa Uingereza John Charnley alikuwa akiwabadilishia wagonjwa nyonga zilizoharibika na kuwawekea kikombe cha Teflon. Mwanzoni walitembea vizuri. Miaka michache baadaye vikombe vikasagika, na ungaunga wake ukazingirwa na seli za kinga zilizofanya donge na kuula mfupa wa jirani. Charnley akajidunga plastiki hiyo kwenye paja lake mwenyewe aone itakuwaje. Pakavimba. Mwaka 1962 akahamia kwenye polietilini, ndugu mgumu wa plastiki inayotengenezewa madumu yetu. Hiyo ilidumu zaidi, lakini baadaye madaktari waligundua kwamba nayo husagika polepole, na chembe zake zilizo ndogo kuliko mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita) huichokoza kinga mpaka mfupa unalika na kiungo kinalegea.

Nimeanza na nyonga kwa makusudi. Habari nyingi za plastiki mwilini siku hizi zinakuja na vitisho, kisha anatokea mwingine anasema yote ni uzushi. Nyonga inatupa mahali pa kusimama: chembe za plastiki zikiwa ndogo sana, zikiwa nyingi, na zikikaa ndani ya nyama ya mwili kwa muda, kinga haizipuuzi. Kinachobaki kujadiliwa ni kiasi. Kiasi ndicho tunachoweza kukipunguza, na mwongozo huu unahusu hilo.

Kwanza elewa kinachotokea

Mikroplastiki ni kipande chochote cha plastiki kisichozidi milimita 5. Kikishuka chini ya mikromita 1 huitwa nanoplastiki, na huwezi kukiona hata ukiwa na darubini ya kawaida ya shuleni. Ukubwa ndio unaoamua safari yake. Chembe zinazozidi mikromita 150 hupita tumboni na kutoka na choo. Zilizo ndogo zaidi ya hapo zina nafasi ya kupenya ukuta wa utumbo, na zile za mikromita moja na ushei kushuka chini ndizo zinazoweza kufika mbali. Hewani ni hivyohivyo: uzi mrefu unanaswa puani, chembe laini inashuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Ikishaingia, chembe haibaki uchi. Protini za damu na majimaji ya mwili huigandia, na kinga hutazama gandi hilo kabla ya plastiki yenyewe. Seli walaji, ambazo kazi yake ni kumeza bakteria na uchafu, huimeza. Bakteria wakimezwa husagwa kwa vimeng'enya na asidi. Plastiki haisagiki. Seli inakaa nayo, inaumia, inatoa kemikali kali za oksijeni, kisha inapiga kengele kwa kumwaga sitokaini, yaani vijumbe vya kuita seli nyingine. Miongoni mwa vijumbe hivyo ni interlukini-1 beta na TNF-alfa, vilevile vinavyohusika na maumivu ya baridi yabisi. Seli ikifa, chembe inabaki palepale na inamezwa na nyingine. Huo ndio mchochota sugu: moto mdogo usiozimika.

Kuna njia ya pili, ambayo watu wengi hawaisikii. Plastiki hubeba kemikali zilizochanganywa humo kiwandani. Mojawapo ni bisfenoli A, inayotumika kwenye plastiki ngumu inayong'aa na kwenye rangi ya ndani ya makopo. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango salama cha kemikali hii mara 20,000 kwa mpigo, na sababu kuu ilikuwa athari kwenye kinga: katika panya, iliongeza aina ya seli za kinga zinazohusishwa na magonjwa ya mwili kujishambulia wenyewe. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku ya kuitumia kwenye vyombo vinavyogusa chakula.

Kilichopimwa, na kilichotiwa chumvi

Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 wenye afya na kukuta plastiki kwa 17. Mwaka huohuo, utafiti wa China ulikuta choo cha wagonjwa wa mchochota wa utumbo kina chembe nyingi kuliko cha watu wazima wasio na ugonjwa: takriban 42 kwa gramu ya choo kikavu, dhidi ya 28. Je, plastiki ndiyo iliyoleta ugonjwa, au utumbo mgonjwa ndio unaoshikilia plastiki? Utafiti wa namna hiyo hauwezi kujibu. Machi 2024 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 257 waliosafishwa mishipa ya shingo. Wale 150 waliokutwa na polietilini kwenye uchafu wa mishipa walikuwa na viashiria vingi zaidi vya mchochota. Katika kipindi cha takriban miezi 34, hatari yao ya kupata shambulio la moyo au kiharusi, au kufa, ilikuwa zaidi ya mara nne ya wenzao. Hapa pia ni uhusiano, haujawa uthibitisho wa chanzo, ila ni uhusiano mzito.

Kwa upande wa pili, ile habari kwamba kila wiki tunakula plastiki yenye uzito wa kadi ya benki, gramu 5, ilikuzwa mno. Hesabu zilizofuata zilileta kiasi kidogo sana kuliko hicho. Na ile ya "kijiko cha plastiki kwenye ubongo" ya mwaka 2025 ilitegemea kipimo kinachoweza kuchanganya mafuta ya ubongo na polietilini. Mtu akikutumia picha ya kijiko kwenye kundi la WhatsApp, usipoteze usingizi.

Hatua ya 1: Tenga plastiki na moto

Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote haya, fanya hili. Joto ndilo linalofungua bomba. Watafiti wa Dublin walipotikisa maji kwenye chupa za watoto za polipropilini, maji ya nyuzijoto 25 yalitoa chembe laki 6 kwa lita. Ya nyuzijoto 95 yalitoa milioni 55. Chupa ileile.

Sasa angalia jikoni kwetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, lakini sufuria ya makande, ndizi au wali bado inafunikwa kwa nailoni chini ya mfuniko ili mvuke usitoke. Mvuke wa nyuzijoto 100 unaipiga nailoni saa nzima na kudondokea chakulani. Badala yake tumia jani la mgomba, ambalo lilikuwepo kabla ya nailoni na linabana mvuke vizuri. Lipitishe kidogo juu ya moto lilegee lisipasuke. Kama huna, weka sahani ya bati au sufuria nyingine yenye maji kidogo juu yake, au kanda donge la unga ubandike pembezoni mwa mfuniko.

Kisha pitia mambo haya moja moja:

- Mwiko, upawa na kijiko cha kukorogea viwe vya mti au chuma. Upawa wa plastiki ulioanza kuyeyuka ncha, tupa leo.
- Supu, uji na chai ya kubeba: peleka chupa yako ya chuma au kontena la bati kwa mama ntilie. Vile vibakuli vyeupe vya povu ni polistireni, na supu yenye mafuta inayochemka ndiyo hali mbaya kuliko zote kwao.
- Chips za moto zisiingie kwenye mfuko laini. Omba karatasi, au nenda na sahani.
- Maikrowevu: pasha kwenye kauri au kioo. Maandishi kwamba chombo kinafaa kwa maikrowevu yana maana kwamba hakitayeyuka wala kupinda, basi.
- Hotipoti yenye bakuli la ndani la plastiki: tandaza kitambaa safi cha pamba au jani kabla ya kuweka ugali au chapati, au tafuta yenye bakuli la chuma.
- Majani ya chai: ya kuchemsha na kuchuja kwa chujio la chuma yanatosha. Watafiti wa Kanada waliloweka vifuko vya chai vya plastiki, vile vya pembetatu vinavyong'aa kama hariri, kwenye maji ya nyuzijoto 95. Kifuko kimoja kilitoa chembe zipatazo bilioni 11.6. Vifuko vya karatasi vina nafuu, ila vingi huzibwa kwa uzi wa plastiki.

Huna haja ya kutupa kila kitu na kununua vipya. Ndoo na makopo ya plastiki yanafaa kabisa kuhifadhia mchele, unga na maharage makavu. Badilisha matumizi kwanza. Chombo utabadilisha kikichoka.

Hatua ya 2: Chupa ya mtoto mchanga

Kinga ya mtoto bado inajifunza, na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo kiasi kilekile kwake ni kingi. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo yanaondoa tatizo la chupa kabisa. Lakini wapo wasioweza kunyonyesha, na hao wasitishwe.

Usije ukakwepa plastiki kwa kutumia maji ya uvuguvugu kwenye maziwa ya kopo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji yasipungue nyuzijoto 70 kwa sababu unga wa maziwa si safi asilimia mia; unaweza kuwa na bakteria wanaoua vichanga. Fanya hivi: chemsha chupa kama kawaida kuua vijidudu. Isuuze angalau mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Koroga maziwa kwa maji ya moto ndani ya kikombe cha chuma au bilauri, usikorogee kwenye chupa. Yaache yapoe hadi ufikie joto la mwili, ndipo umimine kwenye chupa. Usiitikise kwa nguvu. Kikombe kidogo cha chuma pia kinafaa kumnyweshea mtoto, na kukisafisha ni rahisi kuliko chuchu ya chupa.

Hatua ya 3: Maji

Hapa niwe mkali kidogo. Kipindupindu kinaua ndani ya saa chache. Chembe za plastiki, hata kwa makadirio mabaya, ni suala la miaka. Kama maji yako salama pekee ni ya chupa, kunywa ya chupa. Kama unasafisha maji kwa kuyaweka juani kwenye chupa za plastiki, na huna kuni wala dawa, endelea.

Baada ya kusema hivyo: mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walihesabu wastani wa chembe 240,000 kwa lita moja ya maji ya chupa, na tisa kati ya kila kumi zilikuwa nanoplastiki. Maji ya kuchemsha nyumbani, ukiyachemsha vizuri, yana nafuu, na kuchemsha kunaondoa plastiki yenyewe. Watafiti wa Guangzhou, China, walionyesha mwaka huohuo kwamba maji magumu yakichemshwa, chokaa iliyomo hujiganda na kuzikamata chembe. Kwenye maji magumu sana takriban asilimia 90 ziliondoka. Kwenye maji laini, kama asilimia 25.

Hii ina maana tofauti kulingana na ulipo. Visima vingi vya Zanzibar, Mombasa na sehemu za pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake ndiyo yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika na kukataa povu la sabuni. Ukoko huo unaoulalamikia unakufanyia kazi. Mwanza na Kisumu, wanaotumia maji ya Ziwa Victoria, maji ni laini, hivyo usitarajie zaidi ya robo. Popote ulipo, utaratibu ni huu:

1. Chemsha kwenye sufuria au birika la chuma, yatokote kwa dakika tano hivi. Birika la umeme lenye tumbo la plastiki liweke kando.
2. Funika, yaache yatulie mpaka yapoe kabisa. Usiyatikise.
3. Mimina taratibu kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa na kilichofuliwa, uache kidole kimoja cha maji chini. Hicho cha chini kimwagie mimea.
4. Hifadhi kwenye mtungi wa udongo wenye mfuniko, chuma cha pua au kioo. Kama una ndoo ya plastiki tu, sawa, ila maji yaingie yakiwa yamepoa na ndoo ikae kivulini.

Madumu yanahitaji neno lake. Watu wengi huyasafisha kwa kutia mchanga au kokoto na sabuni, kisha kutikisa. Utelezi unatoka, lakini ukuta wa dumu unakwanguliwa na unatoka nao. Tumia maji ya moto kiasi, sabuni na brashi laini yenye mpini mrefu, halafu suuza kwa maji yenye klorini. Usiuache utelezi ujijenge. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Boston kilionyesha kuwa bakteria wa E. koli waliojishikiza kwenye mikroplastiki walijenga usugu dhidi ya dawa kwa urahisi zaidi. Dumu lililopauka na kuanza kutoa unga ukilisugua kwa kidole limekwisha. Lifanye la maji ya kufulia.

Chupa ndogo za maji usizijaze tena na tena kwa miezi: kila ukifungua na kufunga kifuniko, shingo inasagika. Yale madumu makubwa ya lita 20 ya ofisini, mengi ni ya plastiki ngumu yenye bisfenoli, yasipangwe juani nje ya duka. Ukiona duka linayaanika, nunua kwingine.

Hatua ya 4: Vumbi la ndani

Ushahidi mzuri zaidi kuhusu mapafu umetoka viwandani. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa wa mapafu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha Rhode Island kilichokata nyuzi za nailoni kuwa vipande vidogo vya kutengenezea vitambaa vya mahameli. Mapafu yalijaa seli za kinga, na wengi walipata nafuu walipoacha kazi hiyo. Wewe huvuti kiasi chao, lakini mafundi cherehani wa poliesta, wanaofungua marobota ya mitumba na wanaotengeneza magodoro wanavuta kingi kuliko sisi wengine. Kwao barakoa inayobana vizuri na feni inayotoa hewa nje ni vifaa vya kazi.

Nyumbani, piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu. Fungua madirisha asubuhi, isipokuwa kama uko kando ya barabara kuu, ambako vumbi la matairi nalo ni la plastiki na mpira. Hapo fungua upande wa uani. Zulia la nailoni chumba anamotambaa mtoto liondoe, tandika mkeka wa ukindu. Shuka za pamba na khanga za pamba halisi kwa kulalia. Mitumba ifue kabla ya kuvaa, ukaanike nje.

Hatua ya 5: Chakula kingine

Utafiti uliofanywa kwa samaki walionunuliwa soko la Mwanza ulikuta plastiki kwenye matumbo ya takriban mmoja kati ya watano, sangara na sato. Matumbo hayo unayatupa, kwa hiyo samaki mkubwa aliyeparuliwa na kusafishwa ana nafuu. Dagaa wanaliwa wazima. Usiwaache, maana protini na kalsiamu yao haina mbadala kwa bei hiyo; wakubwa watoe vichwa na matumbo, wadogo waloweke na kuwaosha mara mbili tatu.

Mchele uoshe. Watafiti wa Australia walikuta kuosha kunapunguza plastiki kwa asilimia 20 hadi 40. Nyama na mboga zikatie kwenye kibao cha mti. Cha plastiki kila mkwaruzo wa kisu unaingia kwenye kachumbari.

Hatua ya 6: Taka za uani

Plastiki ikichomwa uani inatoa dioksini, sumu inayoidhoofisha kinga moja kwa moja, na majivu hubaki na vipande ambavyo kuku hudonoa. Mafuta ya mayai hushika dioksini. Basi usichome, na usiwashie mkaa kwa mfuko wa nailoni kama wafanyavyo wengi wakiwa na haraka. Tumia maganda makavu ya nazi au karatasi. Chupa za maji zikusanye, waokota taka wanazinunua kwa kilo. Ambazo hazinunuliki, zifunge pamoja zipelekwe na gari la taka.

Hatua ya 7: Usichopaswa kununua

Hakuna chai, juisi, kidonge wala unga wa mlonge unaotoa plastiki mwilini. Kliniki za Ulaya zimeanza kuuza huduma ya kuchuja damu kwa maelfu ya pauni, na matangazo yao yanawafikia Waswahili wa London na Muscat kwa simu. Faida yake kwa afya haijathibitishwa. Vipimo vya plastiki kwenye damu havina kiwango cha kawaida ambacho daktari anaweza kukilinganisha, hivyo jibu lolote utakalopewa halibadilishi matibabu yako.

Ukiwa na pumu, mchochota wa utumbo, baridi yabisi au lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe), hatua ya 1 na ya 4 zitangulie, lakini dawa zako ziendelee kama ulivyoandikiwa. Wenye nyonga au goti la bandia waende kliniki kwa eksirei za ufuatiliaji hata kama hawana maumivu, kwa sababu mfupa unaweza kulika kimya kwa miaka kabla kiungo hakijaanza kucheza. Maumivu mapya kwenye paja au kinena ukisimama ni sababu ya kuwahi miadi yako.